Sura Runingani, Deni Kioskini
Na mwanachama wa zamani

Mhariri wenu alinitaka niandike machache juu ya maisha ya mwigizaji, maadamu nilikuwa mwanachama wa Chama cha Kiswahili kama ninyi na sasa kuigiza ndiyo kazi yangu. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Ila sitaandika sifa tupu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami leo sifichi.

Jioni moja niliketi katika kioski cha chai karibu na soko la Jericho. Runinga ilikuwa juu ya kabati, na wateja walikuwa wakiitazama huku wakila. Mara wakaangua kicheko. Kuinua macho, ni mimi! Nimevaa kofia ya chifu, namkaripia mzee wa watu. Kipindi kile tulikuwa tumekiigiza miaka minne nyuma, na ile ilikuwa mara ya tatu kukiona kikirudiwa.

"Ala! Si wewe ndiye huyo?" kijana mmoja akauliza. Watu wakanipa mikono. Kifua kikanijaa. Kisha nikamsogelea mama mwenye kioski, nikamnong'oneza aniandikie chai na chapati mbili kwenye daftari. Akanitazama, akaitazama runinga, akanitazama tena.

"Baba, uko huko ndani na bado unakopa? Wacha mchezo!"

Alidhani naigiza. Ilibidi nimwapie ndipo akaandika. Watu wakacheka tena, na mara hii hawakuwa wakimcheka chifu.

Wapenzi wasomaji, huenda nanyi mnajiuliza swali la yule mama. Yaani mtu anaonekana nchi nzima halafu hana pesa ya chapati? Jibu ni rahisi. Wengi wetu hulipwa kwa siku ya kazi. Ukiitwa siku tatu, unalipwa siku tatu, tena pengine baada ya miezi. Kipindi kikirudiwa mara kumi, matangazo ya biashara huuzwa mara kumi, lakini wewe ulishalipwa ukaondoka. Siku yenyewe si ya mchezo. Unafika saa kumi na moja alfajiri, unangoja hadi saa nane mchana, kisha unaigiza dakika mbili unazorudia mpaka koo likauke. Na mara nyingi mswada huletwa kwa Kiingereza, sisi ndio tunaougeuza kuwa Kiswahili cha Barabara ya Jogoo papo hapo, mbele ya kamera. Kazi hiyo ya kutafsiri hailipwi hata senti.

Miezi ambayo hakuna kamera tunakuja kwenu mashuleni na vitabu vya kutahiniwa. Nimeigiza Mstahiki Meya yake Timothy Arege, nikaigiza Kigogo yake Pauline Kea. Mnaponiona nimeketi kitini kama mtawala, jueni kwamba suti ni ya Gikomba na masanduku ya mavazi nimeyabeba mwenyewe.

Lakini lawama zote siwezi kuwarushia wengine. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli. Tulikaa Makongeni, katika nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa reli. Kila mwisho wa mwezi alileta karatasi ya mshahara, akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia. Nilipomwambia nimepata kazi ya filamu hakunikataza. Aliniuliza swali moja tu.

"Kijana, umeandikiana nao nini?"

"Mzee, sanaa si reli," nikamjibu. Nilijiona mjanja. Kumbe!

Karatasi ya kipindi kile cha chifu nilitia sahihi nikiwa nimesimama, mkono mmoja umeshika kofia. Ilikuwa ukurasa mmoja wa Kiingereza cha mawakili, na ilisema kwamba haki zote nimewapa wao, daima dawamu. Sikuisoma. Haraka yangu ilikuwa kuingia kwenye picha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamtambua mwigizaji. Inasema uigizaji wake usirekodiwe wala usitangazwe bila idhini yake. Lakini ukishatoa idhini kwa mkono wako mwenyewe, bila sharti lolote, utamlilia nani?

Nani hapa Eastlands hakumjua Mzee Ojwang'? Benson Wanjau, ndilo jina lake, alituchekesha miaka na miaka katika Vitimbi vya KBC. Macho yalipomsumbua uzeeni, Wakenya walichanga fedha ili atibiwe. Alipofariki Julai 2015, nchi nzima iliomboleza. Waliochanga walitenda wema, na Mungu awabariki. Lakini mchango si pensheni. Baba yangu alistaafu bila kupitisha kofia kwa majirani, na hakuna aliyewahi kumshangilia barabarani.

Msidhani nawakatisha tamaa. Vipaji tunavyo. Sidede Onyulo aliigiza mpishi Owuor katika filamu ya Kijerumani, Nirgendwo in Afrika, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka wa 2003. Joseph Wairimu alitunukiwa kuwa mwigizaji bora kule Durban mwaka wa 2012 kwa Nairobi Half Life, hadithi ya kijana anayekuja Nairobi kutafuta uigizaji. Lupita Nyong'o naye akanyakua Oscar yake mwaka wa 2014. Tunawapongeza sana. Hata hivyo tuzo ya mmoja hailipi kodi ya nyumba ya mwingine.

Basi maoni yangu ni haya: mwigizaji ni mfanyakazi, na ajihesabu hivyo kwanza yeye mwenyewe. Fundi wa jua kali kule Kamukunji hapigi nyundo kabla hamjakubaliana bei ya karai. Kwa nini sisi tulie machozi mbele ya kamera kabla ya kujua tutalipwa nini, lini, na kipindi kikirudiwa itakuwaje?

Watayarishaji watasema fedha ni kidogo na vijana wamejaa nje wakingoja nafasi yako. Ni kweli, wamejaa. Mwaka jana niliuliza juu ya kipengele cha marudio kabla ya kutia sahihi. Niliambiwa, "Tutakupigia simu." Mpaka leo simu haijalia, na nafasi ile ilikwenda kwa mwingine. Iliniuma, maana kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Lakini nikiulizwa kama nitauliza tena, nitauliza. Mmoja akiuliza huitwa mkorofi na kuachwa. Tukiuliza sote watamwacha nani? Ndiyo maana nawahimiza mtakaoingia katika kazi hii mjiunge na chama cha waigizaji mapema, hata kabla sura zenu hazijajulikana.

Nanyi mnaobaki kuwa watazamaji, mkimwona mwigizaji stendi akingoja matatu, msimcheke. Anatoka kazini kama wengine.

Deni la chai nililipa wiki iliyofuata, baada ya kuigiza Kigogo katika shule mbili kwa siku moja. Yule mama alipokea pesa akakata jina langu kwenye daftari. "Na ile ya TV watakulipa lini?" akauliza. Sikuwa na jibu. Ninyi mkiingia katika kazi hii, jibu hilo mlitafute kabla ya kuvaa kofia. Baba aliniuliza mapema nikampuuza, nami nawauliza ninyi: mmeandikiana nao nini?

Wasalaam.