SOKO LA DODOMA NA RISITI YA MALINDI



Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Uamuzi huo ulikaa miaka mingi katika maandishi, hata mwaka 2016 Serikali ya Muungano ilipoanza kuhamia huko kwa vitendo, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Leo wizara zimejengwa Mtumba. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kina maelfu ya wanafunzi. Na tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, shule za Ugogo zimejaa watoto. Wote hao, tangu waziri hata mtoto wa darasa la kwanza, wana haja moja: karatasi.

Karatasi hiyo ya kuandikia aghalabu huvuka bahari. Kiwanda cha Mgololo, huko Mufindi, kilianza kazi mwaka 1985 kwa matumaini makubwa, kikasimama katika miaka ya 1990, kikauzwa kwa watu binafsi mwaka 2004, na tangu hapo kimejulikana zaidi kwa karatasi ngumu za kufungashia. Rimu na madaftari huagizwa Indonesia, Uchina na India. Basi hapa pana biashara kubwa ya kuagiza na kuuza kwa jumla, nayo ni kazi ambayo watu wa Visiwa hivi hawakufundishwa jana.

Twauliza: kwa nini mfanyabiashara wa Unguja au Pemba asiwe na ghala lake la madaftari Dodoma?

Jawabu tutalipata tukikumbuka historia. Misafara iliyotoka Unguja karne ya 19 ilipitia Bagamoyo na Mpwapwa, ikakata Ugogo kwenda Tabora. Mingine ilirudi na watumwa, na kwa hilo hatuna la kuisifu. Lakini kila msafara ulijua adha ya Ugogo: kila mtemi alitoza hongo, yaani ada ya kupita na kunywa maji, na aliyekwisha kulipa kwa mmoja alilipa tena kwa wa mbele yake. Watemi wale walikuwa na haki yao, kwani kila mmoja alikuwa mtawala wa nchi yake. Sisi twaambiwa kwamba nchi ni moja.

Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Visiwani wamelalamika kwamba bidhaa iliyokwisha kulipiwa ushuru Zanzibar, ikivushwa kwenda Bara, hutathminiwa upya na kudaiwa nyongeza. Malalamiko hayo yamejadiliwa katika vikao vya Serikali zetu mbili, na zaidi ya mara moja tumeambiwa kwamba kero za Muungano zinaondoka. Twashukuru kwa kila iliyoondoka. Lakini ahadi ya kikao haimfai mtu aliyesimama bandarini na mzigo wake. Linalomfaa ni kanuni iliyoandikwa, ambayo afisa wa zamu hawezi kuigeuza.

Kwa bidhaa ya karatasi jambo hili ni la kufa na kupona. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500 na uzito wa kilo 2 na nusu. Rimu 1,000 ni tani 2 na nusu. Ni mzigo mzito wenye bei ndogo, faida yake ni nyembamba, na unyevu huuharibu. Madaftari yasipofika kabla ya shule kufunguliwa Januari, fedha za mwenyewe hulala ghalani. Mwenye kuuza dhahabu aweza kustahimili tathmini ya pili. Mwenye kuuza daftari hana pa kuitoa nyongeza hiyo ila katika mtaji wake, au katika mfuko wa mzazi wa Kongwa na Bahi.

Wenzetu wa Bara wana hoja yao, wala hatuidharau. Husema kwamba thamani ya mzigo ikikadiriwa chini Zanzibar, bidhaa zitapenyezwa na hazina yao itapata hasara. Ni kweli kwamba wapo wadanganyifu, nao hawana upande mmoja wa bahari. Lakini ushuru wa forodha ni jambo la Muungano tangu Hati za Muungano za 1964, na anayeukusanya Malindi ni Mamlaka ya Mapato Tanzania, ile ile inayoukusanya Dar es Salaam. Kama makadirio yana kasoro, yarekebishwe Malindi. Itakuwaje mtu aikatae risiti aliyoiandika mwenyewe?

Tena tutazame majirani. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na mwaka 2014 nchi wanachama zikaingia katika utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha. Kwa kanuni hiyo mzigo wa Kigali hulipiwa ungali bandarini, kisha hupita mipaka kwa hati yake. Ikiwa Rwanda, iliyo nchi nyingine, yaweza kuaminiwa hivyo, Zanzibar imekosa nini?

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kipimo cha thamani kiwe kimoja katika bandari zote za Muungano. Pili, risiti ya Malindi au Wete iheshimiwe hadi Dodoma. Tatu, kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani ina sheria mbili, moja ya Bara na moja ya Zanzibar, hesabu yake imalizwe baina ya hazina na hazina, asisukumwe mfanyabiashara katikati.

Nasi tusikae tukilalama tu. Watu kumi wenye mitaji midogo wakishirikiana wanaweza kuagiza kontena moja ambalo mmoja wao hawezi. Tangu 2024 gari moshi jipya linachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Anayepanda boti asubuhi Unguja aweza kulala Dodoma siku hiyo hiyo. Nendeni mkalione soko, mjue daftari la kurasa ngapi linatakiwa na kwa bei gani, ili siku mlango utakapofunguliwa tusikutwe mikono mitupu.

Mtu hupita Dodoma bila ya kuulizwa. Mzigo wake uliolipiwa nao upite.