Mchezaji akizeeka, mkataba hauzeeki naye

Mpwa wangu anaishi Saint Paul, jimbo la Minnesota, kule Marekani. Tangu afike huko ameacha kunisumbua na habari za Real Madrid na Barça. Sasa ni hoki ya barafu tu, asubuhi na jioni. Mwishoni mwa Septemba 2025 alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp akipiga kelele kama mtu aliyeshinda tombola: timu yao, Minnesota Wild, imemsainisha tena Mrusi Kirill Kaprizov, miaka minane, dola milioni 136. Katika ligi hiyo kubwa, NHL, hakuna mchezaji aliyewahi kupewa mkataba mnono kuliko huo. Nilimuuliza swali moja tu: mkataba ukiisha, Kaprizov atakuwa na miaka mingapi? Akanyamaza kidogo. Kisha akaandika: «Tonton, tuache tufurahi kwanza.»

Atakuwa na miaka 37. Nawaacha wafurahi, lakini niliuliza kwa sababu. Klabu hiyo hiyo, chini ya mwenyewe yule yule, Craig Leipold, imekwisha kupita njia hii, na bili yake ilikuwa imepungua miezi michache tu kabla ya furaha hiyo mpya.

Turudi nyuma. Tarehe 4 Julai 2012, siku ya uhuru wa Marekani, Minnesota ilisainisha wachezaji wawili kwa mpigo: mshambuliaji Zach Parise na beki Ryan Suter. Kila mmoja miaka 13. Kila mmoja dola milioni 98. Wote wawili walikuwa na miaka 27, umri mzuri kabisa kwa mchezo huo. Parise ni mtoto wa Minneapolis, na baba yake alichezea timu ya zamani ya jimbo, kwa hiyo watu waliona kama mtoto wa nyumbani amerudi. Mkataba ungeisha wakiwa na miaka 40. Usidhani wakubwa wa klabu walisahau kuhesabu. Walihesabu vizuri sana.

Kwa msomaji ambaye hafuatilii mchezo huu: NHL ina kikomo cha mishahara. Kilianza mwaka 2005, baada ya msimu mzima wa 2004-2005 kupotea kwa sababu wenye klabu na wachezaji walishindwa kuelewana juu ya pesa. Klabu hata iwe tajiri namna gani, jumla ya mishahara yake haiwezi kupita kiasi kilichowekwa. Mwanzo kilikuwa dola milioni 39. Msimu wa 2021-2022 kilikuwa milioni 81,5. Na hapa sikiliza vizuri: kinachohesabiwa kwenye kikomo si pesa ambazo mchezaji amepokea mwaka huo. Ni wastani wa mkataba mzima, jumla ikigawanywa kwa miaka.

Hapo wajanja wakapata mlango. Miaka miwili ya kwanza, Parise na Suter walipata kila mmoja milioni 12 kwa mwaka. Miaka mitatu ya mwisho ilikuwa milioni 2, kisha 1, kisha 1. Ile miaka ya uzeeni yenye mshahara mdogo iliwekwa kama maji kwenye mchuzi, ili wastani ushuke hadi milioni 7,5. Klabu ikapata wachezaji wa milioni 12 kwa nafasi ya 7,5. Minnesota haikuwa peke yake. New Jersey ilijaribu kumpa Ilya Kovalchuk miaka 17 mwaka 2010, ligi ikakataa na kuipa klabu adhabu.

Kinachochekesha ni kwamba Septemba ya mwaka ule ule wa 2012 wenye klabu waliwafungia wachezaji milango, wakilalamika kati ya mambo mengine kwamba mikataba imekuwa mirefu mno. Mikataba waliyoisaini wao wenyewe. Msimu ulipoanza Januari 2013 ulikuwa na mechi 48 badala ya 82. Sheria mpya ikaja na kikomo cha miaka: minane kwa mchezaji wako mwenyewe, saba kwa anayetoka nje. Ikaja pia na adhabu kwa mikataba ya zamani: mchezaji akistaafu kabla ya muda, ile faida ambayo klabu iliipata mwanzoni inarudishwa kwenye hesabu yake. Anayejua likelemba ataelewa haraka. Huwezi kuchukua mtungo wa kwanza kisha ukahama mtaa. Vancouver waliijua adhabu hiyo kwa golikipa Roberto Luongo: walimhamisha Florida mwaka 2014, akastaafu mwaka 2019, na kwa misimu mitatu baadaye wakabeba karibu milioni 3 kila msimu kwa mtu ambaye hakuwa wao tena.

Sasa tuseme ukweli kuhusu wachezaji wenyewe, kwa sababu hapo ndipo mashabiki wengi wanakosa haki. Suter alifanya kazi kama punda. Msimu wa 2013-2014 alicheza wastani wa zaidi ya dakika 29 kwa mechi ya dakika 60, katika mchezo ambao mtu anaingia, anakimbia kwa nguvu zote chini ya dakika moja, na kutoka akihema. Parise alifunga magoli 33 msimu wa 2014-2015. Kisha mwili ukadai deni lake: msimu wa 2020-2021 alifunga 7, na siku nyingine kocha alimwacha nje akiwa mzima. Je, alimwibia mtu? Aliletewa karatasi, akatia sahihi, akacheza. Aliyeileta karatasi, meneja mkuu Chuck Fletcher, aliondoka mwaka 2018. Bili ilimkuta Bill Guerin, meneja wa tatu.

Julai 2021 Guerin aliamua kuivunja mikataba yote miwili siku moja kwa kuinunua. Sheria inasema klabu italipa theluthi mbili za mshahara uliobaki, ikigawanywa kwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Kila mmoja alikuwa amebakiza miaka minne na milioni 10. Theluthi mbili ni milioni 6,67, kwa miaka minane. Kila mmoja anapokea kama dola 833 000 kwa mwaka mpaka 2029. Kwa tajiri mwenye klabu ya NHL hizo si pesa za kumkosesha usingizi.

Lakini kikomo si mfuko wa pesa. Kikomo ni viti. Fikiria chombo cha Goma kwenda Bukavu: umekwisha kuuza viti viwili, waliovinunua hawasafiri, na sheria ya bandari inakukataza kuweka mtu mwingine juu yake. Unakwenda na viti vitupu huku abiria wamejaa gatini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Msimu wa kwanza, 2021-2022, viti hivyo vitupu vilikula milioni 4,7 tu. Msimu wa pili vikala 12,7. Wa tatu na wa nne, 14,7 kila msimu. Kikomo cha ligi kilikuwa milioni 83,5 msimu wa 2023-2024: zaidi ya sehemu moja ya sita ya timu ilikuwa watu wasiokuwepo.

Gharama yake ilikuwa na jina. Kevin Fiala alifunga na kusaidia hadi kufikisha pointi 85 msimu wa 2021-2022. Juni 2022 Minnesota ilimhamisha Los Angeles, kwa kuwa haikuwa na nafasi ya mshahara wake mpya, milioni 7,9 kwa mwaka. Mpwa wangu bado anakasirika. Nami humkumbusha kwamba katika mabadilishano hayo walimpata beki kijana Brock Faber, ambaye leo ni nguzo ya timu. Hasara nyingine hulala na faida kitanda kimoja. Hata hivyo, mshambuliaji wa namna ile huwezi kumwacha aende kwa sababu ya hesabu ya mwaka 2012 ukasema hukuumia. Baada ya 2015, hadi 2025, Wild haikushinda hata mzunguko mmoja wa mechi za mwisho wa msimu.

Wengi husema Guerin alikuwa shujaa: alikata jipu, akavumilia maumivu, akamaliza. Mimi nakubali nusu. Kwa Parise, sawa. Kwa Suter, naona alikosea, na hesabu yenyewe ndiyo inasema.

Angalia ile misimu miwili mizito ya mwisho. Suter angebaki, angehesabiwa milioni 7,54. Baada ya kununuliwa mkataba, alihesabiwa milioni 7,37 akiwa hayupo. Klabu iliokoa nafasi ya dola kama 167 000 kwa msimu, ambayo haitoshi kumlipa hata kijana wa mshahara wa chini kabisa. Kwa nafasi hiyo ndogo walimpoteza beki ambaye bado alikuwa na miguu. Alienda Dallas misimu mitatu, kisha St. Louis, na akaendelea kucheza hadi 2025, akiwa na miaka 40. Aprili 2023 Dallas iliitoa Minnesota mashindanoni, na Suter alikuwa upande wa pili wa barafu, akiwa bado anapokea zile 833 000 kutoka Minnesota. Mpwa wangu hataki nimkumbushe jioni ile.

Kuna jibu, na ni la haki kulisema. Mwaka 2021 klabu mpya ya Seattle iliruhusiwa kuchukua mchezaji mmoja kutoka karibu kila klabu. Suter na Parise walikuwa na kifungu cha kutohamishwa bila ridhaa yao, kwa hiyo Minnesota ingelazimika kuwaweka kwenye orodha ya waliolindwa na kuwaacha wengine wazi, hasa beki Matt Dumba. Kuwaondoa wazee kulimlinda Dumba. Vile vile msimu wa kwanza ulileta hewa ya zaidi ya milioni 10; Septemba hiyo Kaprizov akasainiwa kwa milioni 9 kwa mwaka, na timu ikavunja rekodi yake kwa pointi 113. Siyo kitu kidogo. Lakini Dumba aliondoka mwaka 2023 bila klabu kupata chochote. Kwa misimu miwili ya Dumba na msimu mmoja wa hewa, walilipa misimu mitatu ya kukosa pumzi. Mimi ningemnunua Parise, ningemwacha Suter, ningempunguzia dakika kutoka 22 hadi 18, na kumwambia kwa heshima: mkubwa, sasa kazi yako ni kuwafundisha hawa vijana huku ukicheza kidogo. Nafasi yake ilikuwa imeshalipwa kwa vyovyote.

Njia nyingine ambayo klabu hutumia naipenda kidogo zaidi ya kuiba. Beki Shea Weber wa Montreal alicheza mechi yake ya mwisho mwaka 2021, mwili ulikataa. Hakustaafu rasmi, kwa hiyo mkataba wake wa miaka 14 ukaendelea kuishi bila yeye. Ukapelekwa Las Vegas, kisha Arizona, baadaye ukafika Chicago, kama karatasi ya kiwanja inayouzwa mara nne bila mtu kukanyaga kiwanja. Klabu nyingine huupokea kwa furaha, maana ligi ina kiasi cha chini pia, na mkataba wa mgonjwa husaidia kukifikia bila kuajiri mtu. Novemba 2024 Weber aliingizwa katika jumba la heshima la hoki, pamoja na magwiji waliomaliza kazi, huku kwenye hesabu za ligi bado alikuwa na mshahara. Sheria haikuvunjwa. Ila usiniambie kwamba huo ni usimamizi. Minnesota angalau ilibeba deni lake mchana, kila mtu akiliona kwenye karatasi.

Na sasa Kaprizov. Tofauti zipo, na mpwa wangu ana haki ya kuzitaja. Miaka ni minane, siyo 13, wala hakuna ule mkia wa milioni moja moja wa kushusha wastani: ni milioni 17 kwa mwaka, wazi. Kikomo kinapanda pia, kutoka 95,5 hadi 104 msimu wa 2026-2027, na 113,5 unaofuata. Lakini fanya gawio: milioni 17 katika 104 ni zaidi kidogo ya asilimia 16. Ile nafasi ya viti vitupu, siku ilipouma kuliko zote, ilikuwa karibu asilimia 18. Kwa hiyo mtu mmoja atabeba kiasi kinachokaribia kile walichobeba wazee wawili wasiokuwepo. Akiwa na miaka 30, atakistahili. Akiwa na 35, nani atakuwa ofisini kumwambia apunguze dakika, na je, atasikia?

Hilo linapaswa kuzungumzwa sasa, naye akiwa mezani, siyo mwaka 2032 kwa njia ya magazeti. Nilimtumia mpwa wangu hesabu hizi zote. Alinijibu kwa picha ya mwanawe amevaa jezi namba 97, ya Kaprizov, inamfika magotini. «Tulinunua kubwa,» ameandika, «ili imtoshe mpaka mwisho wa mkataba.»