Jawabu kwa Dada Yetu wa Nunguni



Barua za safu hii aghalabu hutujia kutoka Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu. Hii ya leo imeteremka kutoka Nunguni, mji mdogo ulioko juu ya milima ya Kilungu, kaunti ya Makueni, ambako mtu huiacha barabara kuu ya Nairobi pale Salama akapanda mpaka kwenye ukungu na baridi. Mwenye kuiandika ni bibi wa miaka 41, mzawa wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye mumewe ana duka huko. Wana watoto watatu. Jina lake tumelisitiri, na yale aliyotuomba tuyaache tumeyaacha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtoto wao wa pili alichelewa kusema, wakampeleka Nairobi kwa madaktari, nao wakasema ana usonji. Katika kuulizwa maswali juu ya mtoto, mama akawa kila swali analijibu, na moyoni anajiona yeye mwenyewe alivyokuwa mdogo. Daktari akaliona hilo. Baada ya miezi na vikao kadhaa naye akaambiwa kuwa ana usonji, na pamoja nao ana hali ile ya kukosa utulivu wa makini ambayo madaktari huiita kwa herufi ADHD. Alirudi nyumbani, asema, amepata faraja ambayo hajapata kuijua. Faraja hiyo haikudumu juma moja. Mavyaa yake na mawifi walipopata habari walisema ameificha kasoro yake siku ya kuposwa, ndoa hiyo haikuswihi, na watoto hawafai kulelewa na mwenye wazimu. Mume amenyamaza. Bibi anatuuliza: je, nikahi yangu ingali hai? Na mbele ya Mola wangu, mimi ni mwenye akili au si mwenye akili?

Kabla ya hukumu yafaa tukijue kinachohukumiwa, kwani mafakihi wetu walisema kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu.

Usonji si homa inayomshika mtu akapona, wala si ufa wa akili unaotokea ukubwani. Ni namna ubongo ulivyoumbwa tangu tumboni: namna ya kusikia, kuona, kugusa, kuelewa maneno na nyuso za watu. Mwenye hali hii huenda sauti ya kijiko sahanini ikamchoma kama sindano, na huenda mzaha wa mwenziwe akauchukua kuwa ni kweli tupu. Ile hali ya pili, ADHD, ni makini isiyotii amri. Mtu huanza mambo matano, akayasahau manne, na lile la tano akazama ndani yake mpaka asahau kula. Hali mbili hizi hukutana katika mtu mmoja mara nyingi, na zote mbili hutembea katika vizazi, zikitoka upande wa baba kama zinavyotoka upande wa mama. Kwa hivyo mawifi wasiseme kuwa fulani ameitia kasoro nasaba yao. (Na wale wanaosema ni chanjo, wajue kuwa uzushi huo ulianza kwa makala ya mwaka 1998 katika jarida la madaktari la Uingereza, na jarida hilo hilo liliyafuta makala hayo mwaka 2010.)

Wengi watauliza, mbona hakujulikana akiwa mtoto? Daktari Leo Kanner, aliyeandika juu ya usonji huko Marekani mwaka 1943, alieleza habari za watoto 11, na katika hao wasichana walikuwa 3 tu. Tangu hapo watu wakauzoea usonji kuwa ni jambo la wavulana, na vipimo vikatengenezwa kwa kuwatazama wavulana. Isitoshe, kitabu cha vipimo cha madaktari wa akili wa Marekani, ambacho madaktari wa nchi nyingi hukirejea, hakikuruhusu mtu mmoja apewe majina yote mawili, usonji na ADHD, mpaka kilipotolewa upya mwaka 2013. Bibi huyu alikuwa keshaolewa na keshazaa. Kwetu Kenya, chama cha wazazi cha usonji kiliundwa mwaka 2003 tu, naye wakati huo hakuwa mtoto tena. Madaktari wa mambo haya ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Mwanamke wa Makueni au wa Kisauni ambaye hana mtoto wa kumfikisha huko, ni nani atakayempa habari yake?

Tena kuna jambo la malezi yetu sisi watu wa pwani. Mtoto wa kiume asiyetulia hupelekwa kwa mwalimu, akapigwa au akatafutiwa dawa, lakini walau huonekana. Mtoto wa kike hufundishwa kutazama chini, kunyamaza, kuitikia, kuwaiga wakubwa. Mwenye usonji aliye mwerevu huyashika haya yote kama mtu anayehifadhi kitabu. Bibi wetu aeleza kuwa akiwa na miaka 10 alikuwa na daftari ameandika ndani yake namna ya kumwamkia kila mtu wa mtaani, nani huulizwa hali ya mguu wake na nani huulizwa hali ya mwanawe aliyeko Unguja. Watu wakamsifu kwa adabu. Hawakujua kuwa baada ya kila ziara alikuwa akijifungia chooni akitetemeka.

Sehemu ya barua iliyotushughulisha zaidi ni hii inayofuata. Asema kuwa Mombasa, arusini, kwenye ngoma na mataarabu na ubani na wanawake mia katika ua mmoja, alikuwa hawezi kukaa zaidi ya nusu saa, akaitwa mwenye kiburi. Akipika, chungu huungua naye amesimama mbele yake, akaitwa mvivu. Akisema mbele ya watu kuwa chakula cha mwenye nyumba kina chumvi nyingi, kwa kuwa kina chumvi nyingi, akaitwa hana haya. Alipopelekwa Nunguni kama bi arusi, miongoni mwa Wakamba ambao wengi wao si Waislamu, alidhani atapotea. Ikawa kinyume chake. Asipozungumza sana, watu husema ni mgeni, Kikamba bado hakijamkaa. Asipokwenda shereheni, husema dini yake haimruhusu. Asubuhi ukungu hufunika mji, sauti zote hupungua, naye hutoka kwenda sokoni moyo wake umetulia. Kwa miaka 15 ugeni umemsitiri kuliko ulivyomsitiri ujamaa wa kwao. Sisi tuliyasoma maneno haya mara mbili, na tungependa kila mwenye kumwita mwenziwe majina katika ua wa arusi ayasome pia.

Ama pepo. Bibi alipokuwa kigori alinyweshwa kombe na kusomewa kwa siku 40, kisha akapelekwa kwa mganga aliyetaka mbuzi mweusi. Kuwako kwa majini hatukukanushi, na kumsomea mgonjwa Qur'ani ni sunna. Lakini kisomo ni dua, na dua haimzuii mtu kumwendea tabibu. Kumwambia mtoto mwaka baada ya mwaka kuwa ndani yake anakaa mwingine asiyekuwa yeye, kwa sababu tu kelele zinamuumiza, ni kumdhulumu. Ama mbuzi mweusi, hilo halihitaji fatwa mpya.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alijiwa na wanawake wenye hali mbalimbali. Yuko yule aliyekuwa na kifafa, akaomba aombewe. Akahiyarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa aponywe. Akachagua subira, kisha akaomba jambo moja dogo ambalo mwanamke ndiye alijuaye uzito wake: asifunuke nguo anapoanguka. Akaombewa hilo. Na yuko mwanamke mwingine, katika mapokezi ya Anas yaliyomo katika Sahihi Muslim, aliyekuwa na kitu katika akili yake. Alimwambia Mtume kuwa ana haja naye. Mtume hakutuma mtu amwondoe, wala hakumwuliza ni nini shida yake. Alimwambia achague njia yoyote ya mji aitakayo, naye atakwenda kumsikiliza, akasimama naye mpaka akamaliza haja yake. Angalia, dada yetu: aliyechagua mahali pa mazungumzo ni yule mwanamke.

Sasa tuje kwenye nikahi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wetu wa pwani, aibu zinazompa mmoja wa wanandoa haki ya kuivunja ndoa zimehesabika: wazimu, ukoma, mbalanga, na zile za maumbile zinazozuia tendo la ndoa. Usonji na ADHD hazimo. Atakayetaka kuziingiza kwa mlango wa wazimu atazuiwa na maana ya wazimu wenyewe, kwani mwendawazimu kwa mafakihi ni yule aliyeondokewa na akili hata hajui asemalo wala atendalo, ndiyo maana kalamu ikainuliwa juu yake. Wewe unaswali, unafunga, unalipa madeni ya duka la mumeo na kumwekea hesabu, kama ulivyotueleza. Kalamu iko juu yako kama ilivyo juu yetu. Ndoa yako ni sahihi, na ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Wala hukuficha kitu. Mtu haambiwi kuwa ameficha asilolijua. Hata lau ingekuwa ni moja ya zile aibu, haki hiyo ni ya mume, haina mavyaa wala wifi ndani yake, naye angetakiwa aidai mara tu ajuapo, mbele ya Kadhi, si mezani baada ya chakula cha jioni. Mume akitaka kuacha, talaka iko mkononi mwake na Mola atamwuliza juu yake. Lakini aiite talaka, na ailipe haki zake zote, mahari yaliyobaki na nafaka ya eda, asijifunike kwa kauli kuwa ndoa haikuwapo. Na watoto wadogo, mama ndiye wa mbele katika kuwalea. Akili ni sharti la ulezi, nawe akili unayo. Wakikusumbua, Mahakama ya Kadhi imetajwa katika Katiba ya nchi hii, kifungu cha 170. Chukua cheti cha daktari uende nacho. Cheti hicho wanachokiona kuwa ni aibu ndicho kitakachoeleza kuwa huna wazimu.

Na wewe mume wa Nunguni, maana tunajua gazeti hili hufika dukani kwako: kunyamaza kwako mkeo anakuhesabu. Sema na mama yako kwa upole na kwa heshima anayostahiki, lakini sema.

Limebaki swali la ibada. Asema husahau idadi ya rakaa karibu kila siku. Jawabu ni lile lile la kila Mwislamu: ukishuku ni tatu au nne, shika tatu, timiza, kisha sujudu sijida mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu. Shaka ikija baada ya salamu, usiigeukie. Na ukiweza, swali jamaa pamoja na mumeo, au na binti yako mkubwa mkiwa wanawake watupu, kwani maamuma humfuata imamu wake, na kusahau kwake hubebwa na imamu.

Ama vidonge ambavyo daktari amekuandikia kwa ajili ya ADHD (usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa), kumeza mchana wa Ramadhani kunafunguza. Mwulize daktari mapema, tangu Shaabani, kama kuna aina ya kumezwa wakati wa daku ikatosha mchana kutwa. Akisema ipo, funga. Akisema haipo, na kuiacha kutakudhuru dhara ya wazi, una rukhsa ya mgonjwa, utalipa siku ambazo utaweza kulipa. Na usipokuwa na matumaini ya kuweza, utatoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Mchele wa Nunguni au mahindi yake, yote yanafaa, maadamu ndicho chakula wanachokula watu wa mji wako.

Wallahu aalam.