Kuchora usiku kucha si salongo



Leo hatusemi juu ya barabara wala juu ya moto unaokatika. Tunasema juu ya kazi moja ambayo wengi kati yetu, wasomi bila kazi, tunaifanya kimya kimya, na wenye kuitumia wameizoea kama salongo: kuchora storibodi.

Asiyeijua, asikie. Mbele katuni itembee kwenye televisheni, mbele hata tangazo la dakika mbili la kunawa mikono litoke, kuna mtu anakaa chini na kalamu na kuchora hadithi nzima picha kwa picha: nani anaingia, anatokea upande gani, kamera inasimama wapi, uso unabadilika wakati gani. Hiyo ndiyo storibodi. Mwenye kupaka rangi, mwenye kutembeza picha, mwenye kutia sauti, wote wanafuata ramani ya yule wa kwanza. Akikosea, wote wanapotea. Lakini siku ya malipo, ni yeye anaambiwa: "Wewe ulichora tu makroki."

Tupige hesabu, juu hesabu haina kabila. Chukua kipindi cha katuni cha dakika 11, kama vile vya Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyotengenezwa hapa karibu, Nairobi, na BBC ikaanza kuvionyesha mwaka 2010. Dakika 11 ni sekunde 660. Kamera ikibadilisha mkao kila sekunde 4, hiyo ni mikao 165. Kila mkao unaomba angalau picha 3: mwanzo, katikati, mwisho. Tumefika picha 495. Mtu mwepesi anamaliza picha moja kwa dakika 20. Jumla: masaa 165.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka mpaka wa masaa 45 kwa juma. Kwa mpaka huo, kazi ile ni karibu majuma manne. Sasa mwenye kazi anasema: "Nataka kisha siku kumi." Gawanya mwenyewe: masaa 16 na nusu kila siku, hata siku ya Mungu. Na hapo bado hajasema: "Badilisha kidogo."

Hiyo "kidogo" ndiyo inatumaliza. Kubadilisha nguo ya mama mmoja kwenye hadithi, kwake ni neno moja la WhatsApp. Kwetu ni picha mia mbili za kurudilia. Mashini tunaichajisha kwa jirani mwenye jenereta, na tunalipa. Mega tunanunua. Faili nzito tunaituma saa nane za usiku, juu mchana mtandao hausogei. Yote hiyo inatoka kwenye mfuko wetu, na haionekani kwenye bei.

Lakini kinachotukata roho zaidi ni testi. Hapa Bunia kazi haiji kwa mlango wa studio. Inakuja kwa simu: "Utuchoree kurasa kumi kwanza, tuone kama unaweza." Watu kumi wanachora, kila mmoja sehemu yake ya hadithi ile ile. Wote wanajibiwa: "Tutakuita." Kumi mara kumi ni mia: kitabu kimekwisha, na hakuna aliyelipwa hata franga moja. Mmoja wetu alikuta michoro yake ya testi imebandikwa ukutani mahali ambapo watu wanahamasishwa, na alama ya shirika chini yake. Jina lake halikuwepo. Alipouliza, aliambiwa ashukuru, juu kazi yake "inaonekana". Kuonekana hakununui unga.

Tunajua watatujibu nini. "Ninyi si wafanyakazi wetu, muko watu wa kujitegemea, sheria ya kazi haiwahusu." Sawa, tukubali. Basi sheria nyingine inaingia, ile ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi, na michoro imo ndani yake. Mchoro ni mali ya aliyeuchora mpaka auuze au auachilie mwenyewe. Wachague: kama tuko wafanyakazi, waheshimu masaa 45 na watuandikie kontra. Kama tuko watu wa kujitegemea, wasiguse mchoro ambao hawajaununua. Hawawezi kuwa na mfanyakazi wakati wa kuamuru, na mgeni wakati wa kulipa.

Wengine watasema: "Watu wanauawa Djugu na Irumu, na ninyi munalia juu ya picha?" Swali hilo ni la haki, na tunalijibu. Sisi pia tunazika. Lakini mukumbuke Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyochukua watu zaidi ya 2.200 Kivu ya Kaskazini na hapa Ituri. Mama asiyesoma Kifaransa alielewaje hatari iko wapi? Kwa picha, kati ya njia zingine. Picha inayookoa mtu ni kazi, kama vile sindano ni kazi. Mwenye kupiga sindano haombwi apige kumi bure kwanza. Tena vita haifuti deni. Mahali ambapo kijana mwenye diploma anaibiwa mchana, na hakuna anayeona vibaya, ni vigumu kumwambia atumainie kazi ya halali.

Haki hii haikuanguka toka mbinguni hata kwa wakubwa wa katuni. Mwaka 1941, wachoraji wa Walt Disney kule Marekani waliacha kazi majuma mengi, mpaka kampuni ikakubali chama chao. Sisi, tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, kuandamana kunaweza kukupeleka korokoroni. Lakini kukataa testi ya bure hakuombi ruhusa ya mtu yeyote. Kunaomba tu tukatae wote.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Mashirika, televisheni na wote wenye kuagiza michoro: testi ilipwe, au iwe picha tatu tu zisizotumika popote. Kontra iandike hesabu ya picha, siku, bei, na marekebisho mangapi yamo ndani ya bei. Zaidi ya hapo, kulipa. Na jina la mchoraji liandikwe.

2. Wafadhili: mukiona michoro kwenye ripoti, muulize karatasi ya malipo ya mchoraji, kama munavyouliza ya mafuta ya gari.

3. Ukaguzi wa kazi wa jimbo: ofisi yenu iko kwa ajili yetu pia. Mupokee malalamiko yetu hata kama kontra ilikuwa sauti ya simu.

4. Sisi wenyewe: tuweke tarehe na jina kwenye kila picha. Tutunze ujumbe wote wa simu. Na tuambiane bei. Mwenzako akikataa kazi ya bure, usiikimbilie kesho yake asubuhi. Ukiichukua, utakuwa umeshusha bei ya wote, na yako ndani.

Tumefundishwa kujitafutia, "artikle 15", na tumejitafutia. Sasa tulipwe tulichopata kwa jasho.

Kazi ni kazi. Ilipwe.

Bunia, Ituri