Kiti cha Kitongoji Hakileti Maji Maore

Msimu wa mpunga ukikaribia Maore, watu hugombania maji kwanza, kisha hugombania nani akae kwenye kamati ya maji. Mto Hingilili unashuka kutoka milima ya Upare, mifereji ya vijiji vya juu, Vuje na Bombo, inauchota, na kinachobaki ndicho kinachofika huku tambarare. Kwa hiyo hakuna mkutano unaokwisha bila mtu kusimama na kusema: "Sisi wa chini hatuna mtu wetu kule." Makofi. Wa juu nao wanataka wao wawili, wa kati wanasema wasisahaulike. Mwisho kila upande unatengewa kiti, watu wanarudi makwao wakiamini haki imetendeka.

Mimi siamini hata kidogo. Mjumbe aliyepigiwa kura na watu wa mfereji wake tu ana bwana mmoja. Akirudi na siku ya ziada ya maji, ni shujaa. Akikubali kuachia siku moja ili jaruba la mtu wa Maore lisipasuke, mwakani kiti hana. Unamlaumu nini? Mmemtuma akavute, naye anavuta. Kamati inakuwa watu wa kuvutana kamba, na mto hauna msemaji.

Tena huyo "mtu wetu" ni wetu kina nani? Fuata mfereji mmoja tu, kwa miguu, kutoka banio, pale maji yanapochepushwa mtoni, hadi mwisho. Karibu na banio mpunga umesimama kijani, maji yanakufika kwenye vifundo. Kule mkiani udongo umechanika hadi kidole kinazama kwenye ufa. Wote ni kitongoji kimoja, mjumbe wao mmoja. Na mara nyingi jaruba la mjumbe liko karibu na banio, kwa kuwa asiyekesha akivizia maji ndiye mwenye nafasi ya kugombea uongozi. Usiku mgomba ukilazwa mferejini na viroba vya mchanga juu yake, aliyeulaza si lazima awe mtu wa milimani. Anaweza kuwa jirani yako, na mlimchagua mjumbe mmoja.

Mazoea haya ya kutengea kila kitongoji kiti tumeyatoa kwenye uongozi wa kijiji. Kwa sheria yetu ya serikali za mitaa, mwenyekiti wa kitongoji anaingia moja kwa moja kwenye halmashauri ya kijiji, na sina ugomvi na hilo: kitongoji hakihami. Maji yanahama. Ndiyo maana nchi hii inayasimamia kwa mabonde, na sisi tuko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Ndiyo maana pia Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Tumepewa chombo cha kufuata mto, sisi tunakikatakata upya kwa mipaka ile ile ambayo maji hayaijui.

Najua jibu: wa chini wakiwa wachache, bila kiti watamezwa. Hofu hiyo ni ya kweli, nami siidharau. Lakini dawa yake si kiti, ni namna ya kuhesabu kura. Wakenya, katika katiba yao ya 2010, hawakutenga urais kwa mkoa wowote. Walisema mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Anayetaka Ikulu analazimika kwenda asikopendwa. Tufanye hivyo hapa. Kila mgombea wa kamati apigiwe kura na watumia maji wote, na asiyepata sehemu ya kura za juu na sehemu ya kura za chini asipite, hata akiongoza. Mtu wa Vuje atateremka kuja kuona jaruba lililopasuka. Wa Maore atapanda akaone kwamba huko juu nako kuna mahindi yanayokauka.

Wazee waliochimba ndiva, yale mabwawa madogo ya milimani, walijaza maji usiku na kuyafungulia asubuhi, kila mtu akiona kina chake. Zamu zetu leo zimo kwenye daftari la katibu, ndiyo maana ni muhimu nani anakaa kwenye kamati.

Mkutano ujao, kifungu cha viti vya vitongoji kikisomwa, nyoosheni mikono kukikataa. Na kila anayeomba kura, kabla hajasema lolote, muulizeni jaruba lake liko umbali gani kutoka kwenye banio.