Harambee ya siku moja haimlishi mwalimu

Msomaji mpenzi, leo naanza kwa kukiri kosa. Mimi ni mmoja wa wanakamati walioliua darasa la Kiarabu mtaani kwetu hapa Nairobi. Hatukukaa kikao tukaamua life, la. Tuliliua kwa uzembe, na kwa kupenda shangwe kuliko kazi.

Kisa chenyewe ni hiki. Wazazi kadhaa tuliona watoto wetu wanamaliza Jumamosi nzima mbele ya televisheni na simu. Tukampata kijana mmoja msomi, mpole na mwenye subira, akakubali kuwafundisha Kiarabu: kusoma, kuandika, kuzungumza, na habari za wasomi waliokitumia. Tukakodi chumba cha shilingi 3,500 kwa mwezi, na mwalimu tukamwahidi 12,000. Watoto walikuwa 31 na kila mmoja alitakiwa kulipa 500. Piga hesabu uone: zilitosha sawasawa.

Kisha tukaingiwa na hamu ya kufanya jambo kubwa. Tukaitisha harambee. Pilau ikapikwa, spika zikafungwa, mgeni wa heshima akaja na wapambe wake. Siku hiyo zilipatikana shilingi 92,000! Tukanunua zulia, bango kubwa la mlangoni na viti 60 vya plastiki. Zilizobaki zikalipa deni la pilau. Picha tulipiga hadi tukachoka.

Miezi mitatu baadaye, watoto waliokuwa wakilipiwa walikuwa 11. Kila mzazi aliona kwamba alikwisha kutoa siku ya harambee. Mwalimu akafundisha miezi miwili kwa nusu mshahara, na hakusema neno. Siku moja alikuja kwangu jioni, akaketi, akakataa chai.

“Mzee wangu, nisamehe,” aliniambia. “Mwenye nyumba anadai kodi, na mama anahitaji dawa. Nimepata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi.”

Sikuwa na la kumjibu. Zulia lipo hadi leo, bango lipo, viti vipo. Mwalimu hayupo.

Pengine unauliza: Kiarabu cha nini kwa watoto wa Nairobi? Hebu tutazame methali moja ambayo kila mwanafunzi anaijua: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali, bila, daftari na habari, maneno yote hayo yametujia kutoka kwa Kiarabu. Kadhalika kitabu, kalamu, mwalimu, darasa na hesabu. Mtoto anayejifunza Kiarabu hukutana na jamaa zake wa zamani, na Kiswahili chake hupata nguvu.

Tena kuna maandishi. Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi hizo. Nyumba ngapi zina barua za babu au hati za shamba zilizokunjwa sandukuni, na hakuna hata mmoja nyumbani awezaye kuzisoma? Na vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu, ni wangapi wanaoweza kusoma hata ukurasa mmoja wa maandishi ya huko?

Wala usidhani jambo hili ni la Waislamu peke yao. Hunayn ibn Ishaq, aliyetafsiri vitabu vingi vya tiba vya Kigiriki kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, alikuwa Mkristo. Wakristo wa Misri na Lebanoni husali kwa Kiarabu mpaka leo. Neno aljebra, linalowatoa jasho wanafunzi wetu, limetoka katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karne hiyohiyo. Na tangu mwaka 1973 Kiarabu ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa.

Faida basi tumeziona. Swali lililoninyima usingizi baada ya mwalimu kuondoka ni hili: Waarabu wenyewe waliwezaje kuilea elimu yao karne baada ya karne, ilhali sisi tulishindwa kulea darasa moja kwa mwaka mmoja?

Jibu ni wakfu. Mtu ana duka, nyumba ya kupangisha au shamba. Akiliweka wakfu, tangu siku hiyo si lake tena. Haliuzwi, halirithiwi, halitolewi zawadi. Kinacholiwa ni pato lake tu, na pato hilo huenda kwa kazi iliyotajwa katika hati: mshahara wa mwalimu, mafuta ya taa, chakula cha wanafunzi. Msimamizi huteuliwa, na mashahidi huwekwa.

Historia inasimulia kwamba mwaka 859 mwanamke aitwaye Fatima al-Fihri, ambaye baba yake alihamia Fez, Morocco, kutoka Qayrawan katika nchi ya Tunisia ya leo, alitumia urithi wake kujenga msikiti wa al-Qarawiyyin. Msikiti huo ukawa chuo. Wakfu za watu wa mji zikakilea kwa mamia ya miaka, na mwaka 1963 kikaingizwa katika mfumo wa vyuo vikuu vya serikali.

Huko Cairo, msikiti wa al-Azhar ulifunguliwa mwaka 972. Miaka karibu 40 baadaye, mtawala al-Hakim aliuwekea wakfu wa majengo, na hati yake ikataja mpaka mikeka, mafuta ya taa na mafagio. Ona jinsi walivyofikiria! Mtawala mzima aliketi akawaza habari ya ufagio, kwa kuwa alijua ufagio huisha. Sisi tulinunua zulia, tukasahau anayelikanyaga.

Wanafunzi wa al-Azhar waliotoka mbali walipewa malazi kwa kufuata nchi zao. Hata wale wa Pembe ya Afrika, walioitwa Wajabarti, walikuwa na sehemu yao. Na wanafunzi waligawiwa mkate, uliolipiwa na wakfu. Mmoja wa walioula mkate huo ni Taha Hussein. Alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji kusini mwa Cairo, akapofuka akiwa mtoto mdogo. Alipokwenda al-Azhar alikuwa kijana maskini asiyeona, na katika kitabu cha maisha yake, al-Ayyam, ameeleza jinsi alivyoishi kwa mkate huo siku nyingi.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hapa ndipo nilipoiona kamati yetu kama katika kioo. Mwaka 1906 Wamisri walianza kuchanga ili wapate chuo kikuu chao wenyewe. Waingereza, waliokuwa wakiitawala nchi, hawakulipenda wazo hilo. Tajiri mmoja wa Beni Suef akafungua orodha kwa pauni 500, na wengine wakafuata. Desemba 21, 1908 chuo kikafunguliwa, na makao yake yakawa jumba la kukodi. Shangwe zilikuwa kubwa. Lakini baada ya miaka michache michango ikafifia, na kodi ya jumba ikawa mzigo.

Aliyekiokoa ni mwanamke, Bintimfalme Fatma, binti wa Khedive Ismail. Alitoa ardhi ya kujengea. Akatoa vito vyake viuzwe ili gharama za ujenzi zipatikane. Na juu ya hayo akaweka wakfu mashamba ya zaidi ya ekari 600, ili chuo kipate pato kila mwaka. Vito vilijenga, lakini mashamba ndiyo yaliyokusudiwa kulisha. Chuo hicho ndicho kinachoitwa leo Chuo Kikuu cha Cairo.

Mwaka 1914 chuo hicho kilitoa shahada yake ya kwanza ya udaktari. Aliyeipata ni yuleyule Taha Hussein. Mwaka 1950 akawa waziri wa elimu wa Misri, na jambo alilolitenda ni kuondoa karo katika shule za sekondari za serikali. Mtoto aliyelishwa na watu asiowajua, alipopata uwezo, aliwakumbuka watoto asiowajua.

Usiseme kwamba hayo ni ya Misri na sisi hatuyawezi. Hapa kwetu Lamu, Habib Swaleh, aliyezaliwa visiwa vya Ngazija, aliwafundisha hata watu ambao wakubwa wa mji hawakuwajali, wakiwemo wajukuu wa watumwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama msikiti wa Riyadha, na chuo chake kikavuta wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki, kikitegemea msaada wa waumini. Miswada yake ya kale ya Kiarabu imepigwa picha miaka ya karibuni kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza, ili isipotee. Huko Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, hili la pili kwa Kiswahili na Kiarabu. Hawa hawakungoja serikali wala mfadhili wa ng'ambo.

Sasa nirudi mtaani kwetu. Majuma mawili yaliyopita jirani yangu alikuwa na arusi ya binti yake. Nilipofika nikaona kijana anashusha viti kutoka kwenye mkokoteni. Nikamwuliza jirani amevitoa wapi.

“Nimekodi mtaa wa pili,” akasema. “Viti 60, shilingi 20 kila kimoja.”

Nikasimama kimya. Viti 60 vya darasa letu vilikuwa vimerundikwa katika gereji ya mweka hazina, hatua chache kutoka pale, vimejaa vumbi. Shilingi 20 mara 60 ni 1,200. Zikiwa arusi, matanga au mikutano minne kwa mwezi, hizo ni 4,800. Kodi ya chumba ni 3,500. Kumbe tulikuwa na shamba la Bintimfalme Fatma ndani ya gereji, na hatukulijua!

Basi, ndugu msomaji, ikiwa mtaani kwenu kuna darasa la Kiarabu, au mnafikiria kulianzisha, nawapa ushauri wa mtu aliyeungua.

Kwanza, kabla ya kununua kitu chochote, tengeni mshahara wa mwalimu wa miezi sita, na msiuguse kwa jambo jingine. Mwalimu asiyejua atakula nini mwezi ujao hawezi kutulia darasani.

Pili, fedha za harambee zinunue kitu kinachozaa. Si lazima kiwe nyumba. Viti, hema, masufuria makubwa ya arusi, au mashine ya kutoa nakala, vyote hivyo huingiza pato. Andikeni hati ya kwamba kitu hicho hakiuzwi ila kwa kununua kingine bora kwa kazi ileile, na kwamba pato lake ni la darasa.

Tatu, familia ziahidi kidogo cha kila mwezi badala ya kikubwa cha mara moja. Familia 20 zikitoa 300 bila kukosa ni 6,000, na hiyo ni nusu ya mshahara tuliomwahidi mwalimu wetu. Haba na haba hujaza kibaba. Asiye na fedha atoe kazi: afagie, atunze vitabu, awavushe watoto barabara.

Nne, hesabu isomwe mbele ya wazazi wote kila baada ya miezi mitatu. Methali ya daftari mnaijua.

Tano, msimfungie mtu mlango. Wasichana na wavulana, Mwislamu na Mkristo, mtoto wa mwenye gari na mtoto wa mwuza mboga, wote waketi pamoja. Na mtoto aliyeshindwa kulipa asifukuzwe. Huwezi kujua yupi kati yao ndiye Taha Hussein wenu.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msingoje wazee. Waulizeni nyumbani kama kuna barua au hati ya kale ya herufi za Kiarabu. Itunzeni mahali pakavu, msiikunje tena, muitafutie mtu wa kuisoma. Kiarabu ni miongoni mwa lugha za kigeni zinazofundishwa katika baadhi ya shule za sekondari nchini, basi ulizeni kama shuleni kwenu kinapatikana.

Kamati yetu ilikutana Jumapili iliyopita, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Tulivitoa viti gerejini tukaviosha. Vinne vimevunjika miguu, vimebaki 56. Viwili kati ya vikao vya kwanza vya kukodisha vimekwisha patikana, na fedha zake zitaandikwa daftarini. Kisha nilikwenda kumwona mwalimu dukani kwake. Alikuwa akipima misumari kwenye mizani. Nikamweleza mpango wetu wote, naye akasikiliza huku akifunga misumari kwenye gazeti.

“Mzee wangu,” akasema, “nawapenda wale watoto. Nionyesheni kitabu cha benki chenye mshahara wa miezi sita, nitakuja siku hiyohiyo.”

Hakutukana wala hakulaumu, ila hakukubali kuja kabla ya hapo, na ana haki. Tunazo za mwezi mmoja na nusu. Nikijaliwa, nitawaarifu zikifika sita. Tukutane tena Jumapili ijayo.