Jamani, Hii ya "PHP Imekufa" Imenichosha

Najua nimepotea, majaribio yalitubana. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Jana pale vimbweta kundi letu la mradi wa mwaka wa mwisho nusura lisambaratike. Tunatengeneza mfumo wa seva kwa ajili ya SACCOS moja: akiba, mikopo, marejesho. Wanachama hawafiki 500. Jamaa mmoja kakomaa tuandike kwa Rust, eti PHP ya wazee, Java ya maofisa. Sababu? Kasi.

Kasi ya kwenda wapi, ndugu yangu? Karani anaingiza rejesho la mtu mmoja, anapiga chafya, ndio anaita mwingine. Mfumo kama huo ukiwa mzito, mara nyingi ni hifadhidata iliyopangwa ovyo au intaneti yenyewe, sio lugha. Facebook ilianza na PHP mwaka 2004. Wikipedia na Moodle mpaka leo zinaendeshwa kwa PHP. Sisi na watu wetu 500 tunataka nini zaidi?

Sisemi Rust mbaya. Wala siogopi lugha ngeni. Mwaka 2014 WhatsApp, iliyojengwa kwa Erlang, ilikuwa na wahandisi 32 tu na watumiaji milioni 450. Lakini wale walikuwa wanaijua Erlang! Nyie Rust mmeanza kuisoma wiki iliyopita.

Na fedha je? Andika 0.1 + 0.2 kwenye JavaScript, inakujibu 0.30000000000000004. Rust nayo ina mtego huo huo ukitumia namba zake za kawaida zenye nukta. Java ina BigDecimal, hifadhidata zina DECIMAL. Kuna aliyeuliza shilingi za watu tutazihesabu vipi? Hakuna. Wote kasi, kasi.

Swali langu ni moja: tukishavaa joho, nani ataamka usiku mfumo ukigoma?

Shangazi yangu yuko kwenye SACCOS ambayo fundi wao aliandika mfumo kwa lugha aliyoipenda yeye. Akapata kazi mbali, akaondoka. Mfumo ukagoma mwisho wa mwezi, kila fundi aliyeitwa anaangalia anatikisa kichwa. Wiki tatu watu hawajui akiba zao, wakarudi kwenye daftari. Shangazi alikuwa anasubiri mkopo wa ada ya binti yake. Binti akarudishwa nyumbani. Hiyo ndio bei ya kutamba.

Msidhani ni huku kwetu tu. Aprili 2020 gavana wa New Jersey kule Marekani aliomba hadharani wajitokeze wanaojua COBOL, maana mfumo wa mafao ya waliopoteza kazi ulielemewa. COBOL ni ya mwaka 1959 na bado fedha inahesabu. Watu wa kuitunza ndio wamekuwa adimu.

Kesho tunapiga kura. Yangu ni PHP, kwa sababu vijana wanaoijua hapa mjini wapo, na seva za kukodi za bei poa zinaikubali. Nikishindwa nitaandika hiyo Rust, ila maelezo ya kuutunza mfumo nitayaandika kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, na kumkabidhi karani mkononi.

Mnasemaje wadau? Ngoja niwahi chakula kabla hakijaisha.